Howard Head, skii za bati na biashara inayosubiri theluji

Kimya kingi kina mshindo. Sijaandika hapa wiki mbili, si unajua tena mambo ya majaribio na foleni ya maktaba. Leo nimerudi na historia ya biashara moja ambayo nina hakika hakuna mtu hosteli nzima kawahi kuiwazia: kutengeneza skii.

Kwa ambaye hajakutana nazo, skii ni vile vibao viwili virefu vyembamba ambavyo watu wa nchi za baridi hufunga miguuni wakateremka navyo mlimani juu ya theluji. Sisi theluji yetu iko kileleni Kilimanjaro, nayo inazidi kupungua, na sijasikia mtu aliyekwenda kuichezea. Sasa kwa nini skii? Nimezichagua makusudi. Ukitaka kuuona vizuri ugonjwa wa biashara changa, tazama biashara ambayo huna mapenzi nayo wala huna mjomba anayeifanya. Hapo huoni wivu wala aibu, unaona hesabu tu.

Na hesabu yenyewe ni hii. Vijiweni kila siku tunaambiana kwamba kinachoua biashara ndogo ni mtaji. Mimi baada ya kusoma habari za huyu bwana nimebaki na jibu lingine: mtaji unaua wachache, wengi wanauawa na kalenda. Nikisema kalenda nina maana ya zile siku kati ya shilingi inapotoka mfukoni na siku inaporudi. Twende taratibu mtanielewa.

Mcheza karata wa Baltimore

Howard Head alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1914. Akasoma Harvard, akamaliza 1936. Alitaka kuwa mwandishi, uandishi ukamkataa. Akaangukia kwenye kiwanda cha ndege cha Glenn L. Martin kule Baltimore, na ndipo alipokuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, kazini kama mhandisi. Kazi ya ndege wakati ule ilikuwa inaleta ujuzi mpya kabisa: unachukua karatasi mbili nyembamba za alumini, katikati unaweka kitu chepesi, unabandika kwa gundi na joto. Kama mkate wa siagi vile. Kinachotoka hapo ni chepesi lakini kigumu ajabu.

Vita ikaisha. Majira ya baridi ya 1946–47 Head akaenda kujifunza kuteleza kwenye theluji huko Stowe, jimbo la Vermont. Akaaibika. Kila akigeuka anaanguka. Sasa watu wengi wakishindwa mchezo husema mimi mchezo huu siuwezi. Yeye akasema kosa ni la skii. Wakati ule skii zilikuwa za mbao ngumu, hasa hikori, ndefu, nzito, na zikilowa zinapinda. Akarudi Baltimore akitamba kwamba mtu wa ndege anaweza kutengeneza kitu bora kuliko hicho.

Mtaji alipata wapi? Hapa ndipo hadithi inanoga. Mzee alikuwa mtaalamu wa karata za pesa. Alikuwa na dola 6,000 alizoshinda kwenye poka, akaziweka mezani ziwe mtaji, na mwanzoni mwa 1948 akaacha kazi.

Msicheke hiyo 6,000. Mwaka 1947 familia ya kati ya Kimarekani ilikuwa inaingiza kama dola 3,000 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo huyu bwana alikuwa na kipato cha miaka miwili cha familia nzima, mkononi, bila riba na bila mtu wa kumgongea mlango. Wangapi hapa tungekuwa na mtaji wa namna hiyo tungesema tumetoka? Ngoja sasa uone ulivyoyeyuka.

Oili chafu jikoni

Alikodi kipembe cha jengo kuukuu Baltimore. Vifaa vya kiwandani hakuwa navyo, akajitengenezea. Ili gundi ishike, skii inatakiwa ibanwe kwa nguvu na ipashwe joto. Akawa anaitia kwenye mfuko wa mpira, ananyonya hewa yote mfuko ubane kama ngozi, halafu anautumbukiza kwenye oili chafu ya magari iliyochemshwa kwenye jiko la kambini. Nikisoma hapo nikawakumbuka mafundi wetu wa gereji, wale ambao ukimpa waya na kipande cha ndala anakurudishia gari barabarani. Fundi ni fundi popote.

Skii za kwanza zilikuwa alumini juu na chini, na katikati plastiki yenye vijumba kama sega la nyuki. Nyepesi kweli kweli. Akatengeneza jozi sita, akapanda nazo Stowe kuwapa walimu wa skii wazijaribu. Zote sita zikavunjika.

Hapa wadau naomba tusimame kidogo, maana wengi tukisimulia hadithi za matajiri tunaruka hapa. Tunasema alianguka akainuka, tunasonga mbele. Mimi nataka tuhesabu siku.

Ukitengeneza chapati mbaya, kesho asubuhi unatengeneza nyingine. Ukitengeneza skii mbaya, unaijua mbaya siku ukiwa mlimani, na mlima una theluji miezi michache tu. Kwa hiyo umeenda, zimevunjika, umerudi Baltimore, umefikiri, umebadilisha, umechemsha oili, umepanda tena Vermont. Ukibahatika unapata mizunguko kadhaa kabla jua la masika halijayeyusha maabara yako. Ikishayeyuka, hata uwe na wazo la dhahabu, huna pa kulijaribia mpaka mwaka ugeuke. Lakini kodi ya jengo haiyeyuki na theluji. Tumbo halingoji Desemba.

Ndiyo maana jambo lililodhaniwa ni la miezi likawa la majira matatu ya baridi. Mwalimu mmoja wa skii aitwaye Neil Robinson akawa ndiye mjaribuji wake mkuu: Head anatuma, Robinson anavunja, zinarudi. Na kila ugonjwa ukipona unazaa mwingine. Sega la nyuki likashindwa, akaweka plaiwudi katikati, skii zikaacha kukatika ovyo. Ila alumini laini haikati barafu, na kingo zinalika haraka. Akaweka kingo za chuma. Sawa, lakini theluji inaganda chini ya alumini, unateleza mita mbili unasimama kama uliyekanyaga ulimbo. Akaweka plastiki chini. Inakadiriwa alipita matoleo kama 40. Mwenyewe baadaye alisema kama angejua mwanzoni kwamba yatafika 40, pengine angeachia njiani.

Fanya hesabu: matoleo 40 kwa majira matatu ni kama 13 kwa kila msimu. Kila toleo ni safari, malighafi na watu. Zile dola 6,000 zilizoonekana mlima zilikuwa zinatembea mguu mosi, mguu pili kuelekea mlangoni.

Mwaka 1950, kwenye bonde kali la Tuckerman Ravine katika Mount Washington, jimbo la New Hampshire, mtelezaji hodari Clif Taylor akashuka na toleo jipya. Zikageuka anavyotaka, hazikuvunjika. Mwaka huo huo kampuni ya Head Ski ikaandikishwa, wafanyakazi sita, na msimu wa kwanza wakauza jozi kama 300.

Kitu kizuri, mfuko mtupu

Kwenye sinema hapo ndipo muziki ungepigwa na majina yakapita. Kwenye daftari la hesabu ndipo kasheshe linapoanza.

Skii ya Head iliuzwa dola 85 jozi, wakati za mbao zilipatikana kwa bei ya chini sana ya hapo. Tuseme jozi 300 kwa dola 85: jumla dola 25,500, tena hiyo ni bei ya dukani, mwenye duka ana fungu lake. Kutoka kwenye kinachobaki toa alumini, chuma, gundi, mishahara ya watu sita, kodi, na zile zinazorudi zimevunjika. Maana skii mpya ikivunjika unampa mteja nyingine. Usipompa, mlima mzima unajua kabla ya jioni.

Halafu kuna kalenda ya pili, na hii ndiyo nataka mtu yeyote mwenye ndoto ya biashara aibandike ukutani. Mambo ya skii yanakwenda hivi. Wenye maduka wanaagiza kuanzia masika, theluji ya mwaka huu ikiisha, kwa ajili ya mwaka ujao. Wewe unatengeneza kiangazi chote. Unapeleka mzigo vuli. Mteja wa mwisho ananunua theluji ikishaanguka, kwa hiyo mwenye duka naye anakulipa akishapata. Yaani pesa ya alumini inatoka Juni, inarudi karibu na Krismasi au baada. Miezi sita unalisha kiwanda kwa ahadi. Sisi huku tunaita mali kauli, na kila mwenye duka la jumla Kariakoo anajua mali kauli ilivyofilisi watu wenye bidhaa nzuri tu.

Na hapo ndipo penye fumbo: kadiri unavyouza zaidi ndivyo unavyozidi kukaukiwa. Ukipata oda ya jozi 300 unahitaji pesa ya alumini ya jozi 300 kiangazi. Oda ikiwa jozi 1,000, unahitaji zaidi ya mara tatu, kiangazi kile kile, wakati faida ya zile 300 za mwaka jana haitoshi hata robo yake. Mtu wa nje anaona foleni ya wateja anasema jamaa kaula. Ndani jamaa hana nauli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Head akafika ukutani. Akafanya ambalo wengi wetu tungeapa hatulifanyi: akauza 40% ya kampuni kwa dola 60,000. Piga hesabu mwenyewe, maana yake kampuni nzima ilithaminiwa dola 150,000, baada ya majira yote yale ya kuvunja skii. Alitoa karibu nusu ya mtoto wake ili mtoto aishi. Kuna watakaosema aliuza rahisi, na ukitazama yaliyofuata ni kweli. Lakini asingeuza, hayo yaliyofuata yasingekuwepo kabisa. Asilimia mia ya kaburi ni kaburi.

Nani alinunua?

Jambo lingine lililonishangaza ni wateja. Ungedhani kitu kipya cha kisasa kitanunuliwa kwanza na mabingwa. Wapi! Mabingwa wa mbio walizikataa. Kwenye kasi kubwa zilikuwa zinatetemeka juu ya barafu, na wao walizoea mbao. Walioshangilia walikuwa watu wa kawaida wenye pesa kidogo, mtu wa ofisini anayekwenda mlimani wikiendi, hawezi kugeuka vizuri kama Head mwenyewe alivyokuwa hawezi. Skii za alumini zilikuwa rahisi kugeuza mpaka wakazibandika jina la skii za kudanganyia. Jina la kejeli, lakini ndilo tangazo bora alilopata. Nani asiyetaka kudanganya mlima?

Na Head akawa mkali kwenye jambo moja: bei. Hakupenda punguzo. Aliuza kwa maduka maalumu yanayojua skii, modeli chache, rangi nyeusi, na hakubadilisha sura kila mwaka ili za mwaka jana zionekane kuukuu. Ukilitazama juu juu ni ubishi wa mhandisi. Ukilitazama kwa jicho la kalenda ni akili kubwa. Skii iliyobaki stoo mwezi wa Aprili ni pesa iliyolala mpaka Desemba. Kama kila mwaka unatoa sura mpya, ile iliyolala inaamka mzee, inauzwa kwa hasara. Kama sura ni ile ile, inaamka mpya. Kwa kutobadilisha rangi tu, aliipunguzia kampuni hatari ya kulaliwa na mzigo.

Mambo yakanyooka. Kufikia 1955 walikuwa wanauza jozi kama 8,000 kwa mwaka. Msimu wa 1965–66 zikavuka 133,000, kiwanda kiko Timonium, Maryland, wafanyakazi zaidi ya 500. Kutoka oili chafu ya magari mpaka hapo, miaka kumi na nane hivi.

Halafu mlima ukahama

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi ya semina za ujasiriamali, zile za kuingia kwa tiketi na soda. Historia ikaendelea.

Mwaka 1960 kwenye Olimpiki ya Squaw Valley, California, Mfaransa Jean Vuarnet akashinda dhahabu ya mteremko mkali akiwa na skii za chuma. Dunia ikakubali kwamba chuma kinaweza mbio. Ila hazikuwa za Head, zilikuwa za Rossignol, Wafaransa. Aliyelima shamba siye aliyevuna siku ile. Head akajibu kwa kutoa skii ya mashindano yenye mpira ndani wa kutuliza mtetemo, akarudi ulingoni.

Wakati huo huo faibaglasi ikaingia. Kule kisiwa cha Vashon, jimbo la Washington, Bill Kirschner, ambaye kiwanda cha familia yake kilikuwa kinatengeneza pamoja na mambo mengine vizimba vya wanyama, akaanza kutengeneza skii za faibaglasi. Ndiyo K2 hiyo. Head aliyewacheka watu wa mbao kwa kung'ang'ania mbao sasa alikuwa na kiwanda kizima cha alumini, mashine za alumini, watu waliofundishwa alumini. Unadhani ni rahisi kukiambia kiwanda cha watu 500 kwamba kesho tunabadilika? Alichelewa. Akaingia faibaglasi baadaye, kwa jina la bingwa Jean-Claude Killy, lakini uongozi wa njia ulikuwa umeshawatoka.

Mwaka 1969 kampuni ikauzwa kwa AMF, kampuni kubwa la Kimarekani, kwa takriban dola milioni 16. Mwaka uliofuata K2 nayo ikanunuliwa na Cummins. Ndiyo, Cummins hii hii ya injini za malori na majenereta. Wakubwa wenye pesa za kungoja mwaka mzima wakawanunua wadogo waliochoka kungoja. Sidhani ni bahati kwamba yalitokea kwa kufuatana. Biashara ambayo pesa yake inazunguka mara moja kwa mwaka inamtaka mtu mwenye mfuko mrefu, na mwenye mfuko mrefu mwisho wa siku anakuja na kuchukua.

Kuna waliojaribu tena baadaye. Volant, iliyoanzishwa Colorado mwaka 1989 na ndugu wa familia ya Kashiwa, ilitoa skii za chuma cha pua zinazong'aa kama sinia, watu wakazipenda, na bado ilipofika 2001 utengenezaji wa Colorado ukafungwa, jina likaenda kwa Atomic ya Austria. Kupendwa na wateja na kuwa hai ni vitu viwili.

Head mwenyewe hakukaa bure. Alikwenda kucheza tenisi, akawa mbovu vile vile, akasema kosa ni la raketi. Nacheka lakini ni kweli! Akaingia kampuni ya Prince, na mwaka 1976 akapata hataza ya raketi yenye kichwa kikubwa, tenisi ikabadilika. Alifariki 1991. Jina lake bado liko kwenye skii na raketi, na kampuni siku hizi makao ya kazi zake ni Kennelbach, Austria.

Sasa sisi je?

Mtu wangu wa chumbani kasoma rasimu ya makala haya akaniambia kwa ukali: "Acha kutuuzia ndoto. Jamaa kasoma Harvard, ana ufundi wa ndege, ana dola elfu sita za kuchezea. Sisi tuna bumu." Na yuko sahihi. Hadithi za namna hii zikisimuliwa bila kutaja kile mtu alichokuwa nacho kabla hajaanza, ni uongo wa kistaarabu. Head angeanguka kabisa angerudi kuwa mhandisi mwenye mshahara. Mtoto wa mkulima akiangusha bumu la muhula, anaangusha chakula, na wakati mwingine anaangusha na karo ya mdogo wake, maana nyumbani wanajua mtoto yuko chuo, anapata pesa.

Ndiyo maana mimi sisemi tuige ujasiri wake. Ujasiri wake ulikuwa na mto wa kuangukia. Nasema tujifunze kalenda yake, hiyo haihitaji Harvard.

Tuko wanne tuna mpango wa fulana za mahafali. Wazo lililokuwa mezani ni kila mmoja atoe nusu ya bumu, tuchape fulana 400 kwa mkupuo ili bei ya kuchapa ishuke, tuuze wiki ya mahafali. Ukilisikia ni zuri. Lipitishe kwenye mlima wa Stowe sasa. Msimu wetu ni wiki moja kwa mwaka, mfupi kuliko theluji. Pesa inatoka miezi miwili kabla. Fulana ina saizi, na tukikosea saizi, zile kubwa zilizobaki hazitauzwa kwa bei yoyote. Zimeandikwa mwaka, kwa hiyo siku ya pili baada ya mahafali zinakuwa matambara ya kudekia. Sisi hata ule ujanja wa Head wa rangi nyeusi isiyozeeka hatuna, kwa sababu tumeandika umri wa bidhaa kifuani kwake!

Kuna watengeneza skii wadogo wa siku hizi walioliona hili. Kampuni ya Wagner, Telluride, Colorado, iliyoanza 2006, inatengeneza skii kwa mteja mmoja mmoja: unaulizwa kimo, uzito, unavyoteleza, wapi unateleza, ndipo ya kwako inatengenezwa. Hakuna skii inayolala stoo ikimngoja mtu asiyejulikana. Bei iko juu, idadi iko chini, lakini ile miezi sita ya kulisha kiwanda kwa ahadi inafupishwa. Kalenda wameigeuza kichwa chini: mteja kwanza, alumini baadaye. Hata mafundi cherehani wetu wanafanya hivyo tangu enzi. Unaleta kitambaa, unaacha nusu ya pesa, ndipo mkasi unaguswa. Ni sisi wasomi ndio tunaotaka kuchapa 400 kwanza.

Kwa hiyo pendekezo langu nililopeleka kwa wenzangu ni hili. Mosi, tutoe kidogo tu, tuchape fulana kumi za mfano, tuzivae, tuzifue mara tano tuone wino kama unabanduka. Zivunjike mikononi mwetu zisivunjikie kwa wateja. Pili, anayetaka anaandika jina, saizi, analipa nusu. Tatu, mwaka usiandikwe kwenye fulana, uandikwe jina la chuo tu, ili itakayobaki iuzwe kwa wale wa mwaka wa kwanza wakija. Faida kwa kila fulana itakuwa ndogo, kwa sababu kuchapa kidogo kidogo ni ghali. Wawili wamekubali, mmoja kanuna, anasema naua biashara kabla haijazaliwa.

Labda. Lakini nikimtazama namwona Head na jozi zake sita, akiwa njiani kupanda Stowe, moyo umejaa. Tofauti ni kwamba yeye zilipovunjika alikuwa bado na pesa ya jozi ya saba. Mimi nataka tu tukifika siku hiyo tuwe nayo.

Anayemjua fundi wa kuchapa anayekubali fulana kumi bila kutukunjia uso, anishtue. Na kile kitabu cha historia ya uchumi, aliyekificha nyuma ya rafu za sheria akirudishe, tumeshakuona.